Msamaha wa Mungu: Deni lililofutwa kanisani linapodaiwa upya nyumbani

Na Mwandishi Wetu

KILA Jumapili, katika makanisa ya Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na miji mingine ya Afrika Mashariki, waumini husimama na kusali Sala ya Bwana kwa sauti moja. Ndani ya sala hiyo fupi limo ombi lenye sharti. Mwombaji anamwomba Mungu amsamehe kama yeye mwenyewe anavyowasamehe waliomkosea. Hakuna ombi jingine katika sala hiyo linalomfunga mwombaji kwa matendo yake namna hiyo.

Ibada ikiisha, waumini hutawanyika. Wapo wanaorejea katika familia ambamo ndugu wa tumbo moja hawajasalimiana tangu mirathi ya baba yao ilipogawanywa. Wapo ambao Jumatatu asubuhi watampita mfanyakazi mwenzao kwenye ngazi za ofisi bila kumtazama usoni. Wapo pia wanaokwepa mtaa fulani kwa kuwa huko yupo mtu waliyekopa fedha zake na hawajazirudisha.

Pengo hilo kati ya sala na maisha ndilo limekuwa mtihani mkubwa wa Ukristo tangu siku zake za mwanzo. Je, mtu anayeamini kuwa Mungu amemsamehe anapaswa kuishi vipi kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi? Na je, kusamehe maana yake ni kufumbia macho uovu, kuacha kudai haki, au kurudi kuishi na mtu anayekuumiza?

Neno lenye sura ya deni

Katika Kiswahili cha kila siku, neno msamaha halitumiki kanisani tu. Serikali hutoa msamaha wa kodi. Rais wa Tanzania hutoa msamaha kwa wafungwa, hasa katika sikukuu za kitaifa, akitumia mamlaka anayopewa na Ibara ya 45 ya Katiba ya mwaka 1977. Mwaka 2001, Tanzania ilipofikia hatua ya mwisho ya mpango wa kuzipunguzia mzigo nchi maskini zenye madeni makubwa, magazeti yaliandika juu ya msamaha wa madeni.

Matumizi hayo hayako mbali na lugha ya Biblia. Katika Injili ya Mathayo, ombi la msamaha ndani ya Sala ya Bwana linazungumzia deni, na katika Injili ya Luka linataja dhambi. Kwa waandishi hao wawili, anayekosa amechukua kitu cha mwenzake, iwe mali, heshima, imani au amani ya moyo, naye anadaiwa.

Msomaji wa mjini analielewa jambo hili haraka, kwa kuwa anajua deni linapofutwa hasara haipotei hewani. Benki ikifuta mkopo, ni benki inayobeba pengo hilo kwenye vitabu vyake. Mama mwenye genge akimwambia mteja asahau deni la mwezi mzima, mtaji unaopungua ni wa mama huyo. Vivyo hivyo, anayesamehe kosa hubeba yeye mwenyewe gharama ambayo angeweza kuidai kwa kisasi. Ndiyo maana Wakristo hufundisha kwamba msamaha wa Mungu ni bure kwa anayeupokea, lakini haukuwa bure kwa aliyeutoa. Kwao, gharama hiyo ililipwa msalabani.

Hesabu ya mtumwa asiye na huruma

Mafundisho marefu zaidi ya Yesu kuhusu suala hili yamo katika sura ya 18 ya Injili ya Mathayo. Petro alimwuliza kama inatosha kumsamehe ndugu mara saba. Alijibiwa kwa hesabu ya saba mara sabini, jibu ambalo kwa kawaida hufafanuliwa kuwa ni kukataa kuhesabu kabisa.

Kisha ukaja mfano wa mfalme na mtumwa wake. Mtumwa huyo alidaiwa talanta 10,000, akasamehewa zote. Alipotoka nje alikutana na mwenzake aliyemdai dinari 100, akamkaba koo na kumtia gerezani. Mfalme alipopata habari alighadhibika, akaufuta msamaha wake.

Ukubwa wa tofauti hiyo huonekana pale takwimu zinapowekwa mezani. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, na talanta moja ilikadiriwa kuwa sawa na dinari 6,000. Kwa hiyo deni la kwanza lilikuwa dinari milioni 60. Kibarua anayefanya kazi siku 300 kwa mwaka, bila kula wala kulipa pango, angehitaji miaka 200,000 kulimaliza. Deni la pili lilikuwa mshahara wa siku 100, yaani zaidi kidogo ya miezi mitatu.

Mfano huo hausemi kuwa dinari 100 ni kitu kidogo. Mtu anayeishi kwa ujira wa siku anajua kwamba mshahara wa miezi mitatu ni fedha nyingi, na kuupoteza kunauma. Unachosema ni kwamba aliyesamehewa deni la kwanza hawezi tena kulishughulikia la pili kana kwamba yeye hajawahi kudaiwa. Kosa la mtumwa huyo ni kupokea msamaha kama bahati, kisha kutoka nje akiwa mtu yule yule aliyeingia.

Kutubu na kurudisha

Upande wa pili wa msamaha ni wa yule aliyekosa. Hapa ndipo mazoea mengi ya mjini yanapopishana na mafundisho ya makanisa. Mtu hula fedha za kikundi cha kuweka na kukopa, akaenda kwenye mkesha, akalia na kuombewa, kisha akatangaza kuwa Mungu amemsamehe. Wanakikundi waliopoteza akiba zao husikia habari za toba hiyo kwa majirani.

Mapokeo ya Kikristo hayaungi mkono njia hiyo ya mkato. Torati ilimtaka aliyedhulumu arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano juu yake. Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko anayetajwa katika sura ya 19 ya Injili ya Luka, aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake na kuwarudishia mara nne wale aliowatoza kwa hila. Yesu alisema kwamba wokovu umefika katika nyumba hiyo baada ya Zakayo kutamka ahadi hiyo mbele ya watu.

Kanisa Katoliki, katika mafundisho yake kuhusu Sakramenti ya Kitubio, linataja majuto, maungamo na malipizi. Katekisimu yake iliyotolewa mwaka 1992 inaeleza kuwa maondoleo huondoa dhambi lakini hayaondoi madhara yote yaliyosababishwa na dhambi hiyo. Aliyeiba anapaswa kurudisha, na aliyemchafulia mwenzake jina anapaswa kulisafisha. Kwa upande wa Walutheri, hoja ya kwanza kati ya 95 zilizotolewa na Martin Luther mwaka 1517 ilihusu jambo hilo hilo kwa namna nyingine: toba si tendo la siku moja, ni mwenendo wa maisha yote ya mwamini.

Makanisa hayo yana tofauti nyingi, lakini yanakubaliana hapa. Kutubu na kurudisha havinunui msamaha wa Mungu. Ni dalili kwamba msamaha huo umemfikia mhusika.

Ushuhuda wa Gahini

Afrika Mashariki ina historia yake katika jambo hili. Septemba 1929, katika kilima cha Namirembe mjini Kampala, daktari mmisionari Mwingereza Joe Church alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi. Wawili hao walikaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba. Kutokana na urafiki huo, na kazi ya hospitali ya misheni ya Kianglikana huko Gahini, mashariki mwa Rwanda, ulizaliwa Uamsho wa Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1930 na 1940 uamsho huo ulisambaa Uganda, Kenya na Tanganyika, ukigusa Waanglikana, Walutheri na wengineo. Wafuasi wake walijulikana nchini Uganda kama Balokole, yaani waliookoka.

Kilichowashangaza watu wa wakati ule hakikuwa nyimbo wala machozi. Ni kwamba waliookoka walianza kurudisha vitu. Watumishi walirejesha mali za waajiri wao, majirani walirejesha mifugo, na waliokuwa na uadui walifuatana majumbani kuomba radhi. Wamisionari wa Kizungu nao walitakiwa kukiri kiburi na dharau yao mbele ya Waafrika waliofanya nao kazi, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika enzi ya ukoloni. Mwenendo huo waliuita kutembea nuruni, wakiurejea Waraka wa Kwanza wa Yohana. Katika mikutano yao ya kila wiki, mtu alitarajiwa kutaja kosa lake la wiki hiyo, si la mwaka aliookoka.

Nchini Kenya msimamo huo ulipimwa kwa damu. Wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952, wengi wa ndugu wa uamsho walikataa kula kiapo cha Mau Mau. Wengi wao walikataa pia kushika bunduki za serikali ya kikoloni. Walitazamwa kwa shaka na pande zote mbili, na baadhi yao waliuawa.

Askofu aliyemsamehe Amin

Mmoja wa watu mashuhuri waliolelewa na uamsho huo ni Askofu Festo Kivengere wa Dayosisi ya Kigezi, Uganda, ambaye kabla ya kuwa askofu aliwahi kufundisha shule mjini Dodoma. Februari 16, 1977, Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda, Janani Luwum, aliuawa baada ya kukamatwa na utawala wa Idi Amin. Serikali ilidai kuwa alikufa katika ajali ya gari. Siku chache baadaye, Kivengere na mkewe walivuka mpaka usiku kwa miguu na kuingia Rwanda.

Akiwa uhamishoni, Kivengere alieleza kuwa moyo wake ulijaa uchungu dhidi ya Amin, na kwamba uchungu huo ulikuwa ukimdhoofisha. Siku ya Ijumaa Kuu mwaka huo, akiwa kanisani jijini London, alitafakari maneno ya Yesu ya kuwaombea waliomsulubisha. Aliona kuwa hawezi kuhubiri msalaba huku akimtenga mtu mmoja nje ya msamaha wake. Mwaka huo huo alitoa kitabu kidogo ambacho jina lake, lililotamka upendo kwa Idi Amin, liliwashtua wengi.

Jambo linalosahaulika mara nyingi ni kwamba kitabu hicho hakikuficha mauaji. Kivengere aliendelea kuueleza ulimwengu yaliyokuwa yakitendeka Uganda, na alisaidia wakimbizi. Hakurudi nyumbani hadi utawala huo ulipoangushwa Aprili 1979. Alimsamehe mtu, lakini hakusema kuwa alichotenda ni sawa.

Kusamehe si kufuta haki

Mfano mwingine unaojulikana duniani ni wa Papa Yohane Paulo II. Mei 13, 1981 alipigwa risasi na Mehmet Ali Ağca katika Uwanja wa Mtakatifu Petro. Papa alitangaza kumsamehe siku chache baadaye akiwa bado hospitalini, na Desemba 27, 1983 alimtembelea katika gereza la Rebibbia mjini Roma. Hata hivyo, Ağca aliendelea kutumikia kifungo nchini Italia hadi mwaka 2000 alipopewa msamaha na rais wa nchi hiyo. Msamaha wa moyoni ulitangulia kwa karibu miaka 20, na mahakama haikuambiwa ifunge jalada.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa katika nyumba zetu. Mwanamke anayepigwa na mumewe huambiwa mara nyingi kuwa mke mwema husamehe, arudi nyumbani akavumilie. Methali isemayo yaliyopita si ndwele tugange yajayo hutumiwa kumnyamazisha, ingawa kipigo hicho hakijapita na kitarudiwa wiki ijayo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, inakataza mwanandoa kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Kumsamehe mume hakumzuii mke kuondoka mahali pa hatari wala kwenda polisi. Kadhalika, mhasibu aliyeiba anaweza kusamehewa na mwajiri wake na bado asikabidhiwe tena funguo za kasha.

Kusamehe ni uamuzi wa mtu mmoja. Kupatana kunahitaji watu wawili. Kuaminiana tena kunahitaji muda na ushahidi wa mabadiliko. Wengi huchanganya mambo hayo matatu, na matokeo yake wapo wanaokataa kusamehe kwa kuhofia kuumizwa tena, na wapo wanaolazimishwa kurudi kwenye madhara kwa jina la imani.

Jeraha linalouliza

Historia ya Gahini ina sura nyingine ambayo haiwezi kurukwa. Rwanda, nchi ulikochipuka uamsho huo, na ambayo wananchi wake wengi ni Wakristo, ndiyo iliyoshuhudia mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Watu waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia, na baadhi ya wauaji walikuwa waumini wa makanisa hayo hayo. Wapo Wakristo waliohatarisha maisha yao kuwaficha majirani, na wapo waliokufa kwa kukataa kutengana na wenzao. Lakini swali lilibaki: ilikuwaje watu waliosali pamoja kuomba msamaha wakainuliana mapanga?

Jibu moja lililotolewa na Wakristo wenyewe ni kwamba toba ilikuwa imebaki kwenye dhambi ndogo za mtu binafsi, kama ulevi na uongo, bila kugusa chuki ya kikabila iliyofundishwa na kuzoeleka kwa miaka mingi. Mtu alikiri kuiba sukari, hakukiri kumdharau jirani yake kwa sababu ya kabila.

Baada ya mauaji hayo, mahakama za jadi za gacaca zilisikiliza karibu mashauri milioni mbili hadi zilipofungwa rasmi Juni 2012. Waliokiri na kueleza ukweli, pamoja na kuonyesha mahali ilipo miili ya waliouawa, walipunguziwa adhabu. Machi 2017, Papa Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi na makosa ya Kanisa na watu wake katika mauaji hayo. Wapo manusura waliosamehe, na wapo ambao hawajaweza. Hakuna mwenye haki ya kuwaharakisha.

Kuanzia wapi?

Kwa Mkristo wa kawaida mjini, ambaye hajakutana na Amin wala Ağca, suala hili huja kwa sura ndogo zaidi: shemeji aliyetukana kwenye kikao cha harusi, mpangaji mwenza aliyezusha maneno, bosi aliyempa mwingine cheo kwa upendeleo, rafiki aliyekopa akabadilisha namba ya simu.

Injili ya Mathayo inatoa utaratibu wenye hatua zinazoeleweka. Aliyekosewa amwendee mkosaji wakiwa wawili tu. Asiposikilizwa, arudi na shahidi mmoja au wawili. Ikishindikana, ndipo jambo lifikishwe mbele ya kanisa. Utaratibu huo unapishana na mazoea ya wengi, ambao huanza kwa kulitangaza jambo kwa jamaa na marafiki, na mkosaji huwa wa mwisho kulisikia. Kumwendea mtu faraghani kunampa nafasi ya kukiri bila kuaibika, na kunampa aliyekosewa nafasi ya kugundua kama alielewa vibaya.

Kwa aliyekosa, agizo lililomo katika sura ya 5 ya Injili hiyo hiyo ni kali zaidi. Mtu akifika madhabahuni na sadaka yake, akakumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka hapo, aende kwanza akapatane naye. Mpangilio wa Misa unabeba kumbukumbu ya wazo hilo, pale waumini wanapotakiana amani kabla ya kupokea Komunyo. Katika makanisa mengi kitendo hicho kimekuwa cha kupeana mikono na aliye karibu, ambaye pengine hata hafahamiki. Yule anayestahili kupewa mkono huo ameketi upande wa pili wa kanisa, au hakuja kabisa.

Kwa anayedaiwa fedha, hatua ya kwanza huenda isiwe kulipa zote. Inaweza kuwa kupiga simu, kukiri deni, kutaja kiasi na kupanga tarehe. Kwa ndugu waliotengana kwa ajili ya nyumba ya urithi, inaweza kuwa kukubali wazee wasikilize pande zote mbili huku shauri likiendelea kwa njia halali. Kwa aliyeumizwa sana, inaweza kuwa kuacha kuomba mabaya yampate aliyemuumiza, hata kama moyo bado unauma.

Yote hayo ni mambo madogo yasiyotangazwa kwa vipaza sauti. Lakini sharti lililomo katika Sala ya Bwana haliangalii ukubwa wa kosa. Mwombaji anapolitamka Jumapili ijayo atakuwa anaomba apimwe kwa kipimo alichokitumia yeye wiki nzima, na kipimo hicho anakijua yeye na Mungu wake.